Maji ndani ya mashine ya boti: jua yanakopita kabla ya kufungua silinda hedi

Mashine nyingi zinazosukuma boti za uvuvi hapa Dar, kuanzia Feri hadi Kunduchi, ni za stroki mbili (zinazochoma petroli iliyochanganywa na oili), na huu ni mwongozo wa hizo. Mashine ikishakunywa maji, fundi mwenye haraka hufungua silinda hedi (mfuniko wa silinda), hubadili gasketi (pedi inayoziba kati ya vyuma viwili) na kuirudisha, na boti ikienda baharini mara mbili tatu maji yamerudi. Maji yana njia kadhaa za kuingia, na kila njia huacha alama yake. Zisome kwanza, kwa sababu ukishafungua nyingi hupotea.

Hatua ya 1: Okoa mashine

Fanya hivi siku hiyohiyo. Maji chumvi yakilala kwenye beringi za kranki katika joto letu, kutu haichelewi. Toa plagi zote, ukizipanga kwa mpangilio wake kuanzia ya juu hadi ya chini. Nyaya zake zigusishe kwenye chuma cha injini, zisirushe cheche wala kuunguza CDI (kifaa cha umeme kinachotengeneza cheche). Laza mashine matundu ya plagi yakitazama chini, kisha vuta kamba taratibu. Matone ya kwanza yakinge kwenye kijiko kisafi, ukianike juani mbali na moto. Yakikauka yakaacha ukoko mweupe, ni maji ya bahari. Maji yakiisha kutoka, mimina petroli yenye oili nyingi kuliko kawaida kwenye kila tundu, uvute kamba tena. Asivute mtu sigara hapo.

Hatua ya 2: Ondoa shaka ya petroli

Fungua skrubu ya chini ya kabureta, kinga kwenye chupa nyeupe, uiache itulie. Maji hukaa chini, petroli juu. Ukiyaona, anza na tangi, dumu na filta. Mara nyingi kofia ya tangi iliachwa na tundu la hewa wazi, mawimbi yakaingia.

Hatua ya 3: Soma plagi

Silinda inayoingiza maji huwa na plagi iliyooshwa, haina masizi kama wenzake. Mulika tochi ndani ya tundu: uso wa pistoni nao utang'aa. Silinda mbili jirani zikiwa hivyo, shuku gasketi ya hedi iliyoungua katikati yao. Ikiwa ni ya chini kabisa peke yake, maji huenda yanapanda kutoka chini, kupitia ekzosi (njia ya moshi).

Hatua ya 4: Pima kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) kwa geji

Plagi zote ziwe nje, akselereta wazi kabisa. Silinda ikipungukiwa na zaidi ya asilimia 10 kulinganisha na mwenzake, ina neno. Lakini kipimo kizuri kisikulaze. Mfuniko wa ekzosi uko nje ya chumba kinachobanwa na pistoni, kwa hiyo unaweza kuvuja vibaya na geji ikasoma vizuri tu. Hapa ndipo mafundi wengi hupotea.

Hatua ya 5: Pipa, kisha bahari

Iwashe ndani ya pipa la maji baridi hadi ipate moto, izime, iache ipoe, kisha toa plagi. Ikiwa imelowa, kuna uvujaji wa ndani. Ikiwa kavu kwenye pipa lakini inalowa baharini, tazama boti yenyewe: mashine imefungwa chini mno, mzigo umerundikwa tezini, au nahodha anakata moto ghafla na wimbi la boti linampata kwa nyuma, likisukuma maji ndani ya ekzosi. Wakati wa kusi hali hii huzidi. Hakuna gasketi itakayoiponya.

Hatua ya 6: Sasa fungua

Hedi iweke rula ya chuma iliyonyooka, upitishe fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya) chini yake. Ikipita ya milimita 0.1, hedi imepinda: isugue kwa msasa laini uliotandazwa juu ya kioo kinene, ukiizungusha kwa namba nane. Kaza kwa toki spana (spana inayopima nguvu ya kukaza), kutoka katikati kwenda pembeni, kwa awamu.

Mfuniko wa ekzosi ndio unaostahili subira yako. Ndani yake kuna bamba la aluminiamu linalotenga maji na moshi, na chumvi hulila hadi likatoboka vitundu vidogo. Lisafishe, liinue juani, ulitazame kwa upande wa pili. Mwanga ukipenya, badili bamba na gasketi zote mbili. Boliti zake hushika kutu, zipashe moto kwanza. Ukizilazimisha zitakatikia ndani ya bloku, na gharama itakuwa nyingine kabisa.

Ukikuta huko hakuna hitilafu, kagua gasketi ya kitako cha injini na sili (pete ya raba inayozuia kuvuja) ya chini ya kranki, kisha bloku kama ina ufa.

Oili ya gia ni kesi nyingine

Oili ya gia yenye rangi ya chai ya maziwa haihusiani na silinda. Vua propela kwanza. Mara nyingi utakuta mshipi umejisokota nyuma yake na kukata sili. Mwaga oili, funga pampu yenye geji kwenye tundu la oili, jaza hewa psi 10 hadi 15, kisha zungusha shafti huku umezamisha gia boksi majini. Panapotoa mapovu ndipo pa kubadili sili, na skrubu za oili zipewe washa mpya wakati huohuo.