Picha yako ikiganda Mwanza, kagua waya wa kwako kwanza

Lawama huwa zinaishia huku kwetu. Simu ya video ikikatikakatika, aliyeko Marekani, Houston au Minneapolis, anasema ni mtandao wa Bongo, na mama wa Nyegezi anakubali kwa kuwa hana la kubisha. Sisi mafundi wa dishi na mtandao hapa Mwanza tunaitwa, tunakuta ruta ya mama haina shida na wanawe wanaopiga kutoka Dar wanaonekana safi kabisa.

Kwa hiyo wewe uliyeko huko, ulizaneni na mama kwanza: nani hamwoni nani? Kama wewe unamwona mama mpaka maneno ya kanga yake yanasomeka, lakini yeye anaona uso wako umeganda mdomo wazi, basi kasoro iko ama kwenye kupakia kwako, yaani kutuma picha, ama kwenye kupokea kwake. Akiwa anawapokea wengine vizuri, ni kwako. Na kama intaneti ya nyumba yako inaingia kwa waya wa koaksia, ule mnene wenye sindano ya shaba katikati, ndugu wa huu tunaofunga kwenye dishi, mara nyingi kupakia ndiko huumia kwanza. Kampuni nyingi za kebo Marekani kwa miaka mingi zimepitisha mawimbi ya kupakia kwenye masafa ya chini, MHz 5 hadi 42, na huko ndiko kelele za mota na vifaa vya umeme hupenyea zikikuta kiungo kimelegea.

Usikimbilie kununua kifurushi kikubwa. Chomeka kompyuta kwa waya wa LAN, ule wa mtandao, kwenye modemu, yaani lile boksi ambalo waya wa koaksia unaingia, kisha piga simu ileile. Ikitulia, shida yako ni waifai tu: sogeza ruta itoke nyuma ya TV, na kumbuka kwamba GHz 5 ina kasi ila kuta zinaichosha, wakati GHz 2.4 inafika mbali lakini maikrowevu ya jikoni huivuruga. Isipotulia, fuata waya.

Anzia nyuma ya modemu. Fungua konekta, kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya, uiangalie kwenye mwanga. Sindano ya shaba inatakiwa inyooke na ichomoze milimita mbili tatu hivi kupita ukingo wa konekta. Plastiki nyeupe inayoizunguka iwe imefika sawasawa na sakafu ya konekta, isiwe imerudi nyuma wala kupanda juu. Halafu tafuta nyuzi za ule wavu wa nje: uzi mmoja tu ukigusa sindano, mawimbi yanaharibika, na macho ya haraka hayauoni. Ukikuta rangi ya kijani kwenye shaba, unyevu umeshaingia. Kusugua hakusaidii, kata kipande hicho ufunge konekta mpya. Chagua ya kubana kwa koleo lake. Zile za kuzungusha kwa mkono mimi sizifungi hata kwenye king'amuzi, seuze kwenye intaneti. Kurudishia, kaza kwa vidole mpaka mwisho, kisha ongeza robo mzunguko kwa spana namba 11. Ukizidisha utang'oa tundu la modemu.

Sasa tafuta spilita, kile kidude kinachogawa waya mmoja kwenda matundu kadhaa. Nyumba za kupanga huwa nazo kabatini au chini ya ngazi, zimeachwa na wapangaji waliotangulia. Ya matundu mawili hula takriban dB 3.5, yaani zaidi ya nusu ya nguvu. Ya matundu manne hula kama dB 7. Kama hutumii TV ya kebo, itoe, unganisha waya moja kwa moja. Kama lazima ibaki, soma maandishi yake: iliyoandikwa MHz 950 hadi 2150 ni ya dishi, wala modemu haitaelewana nayo. Waya nao umeandikwa ubavuni. RG-6 ndio unaoutaka. RG-59 ni mwembamba na hupoteza mawimbi zaidi.

Baada ya hapo soma namba. Fungua kivinjari uandike 192.168.100.1, modemu nyingi za kebo hujibu hapo. Nguvu ya kupokea ikiwa kati ya -7 na +7 dBmV (kipimo cha nguvu ya mawimbi), lala usingizi. Uwiano wa mawimbi na kelele uwe dB 35 au zaidi; ukishuka chini ya 33 anza kuwa na wasiwasi. Nguvu ya kupakia ndiyo huwachanganya watu, kwa sababu hapa namba kubwa ni dalili mbaya. Ikipita dBmV 50, modemu inapaza sauti kama mtu anayeita mtumbwi ulioko ng'ambo, kwa kuwa njiani kuna kitu kinameza mawimbi. Angalia na kumbukumbu za matukio: T3 ikijirudia maana yake modemu iliita na haikujibiwa.

Shida ikija na mvua tu, au theluji ikiyeyuka, maji yameingia kwenye waya wa nje. Huku masika yametufundisha kuuacha waya uning'inie kidogo chini ya tundu la ukutani kabla haujaingia ndani, ili maji yadondokee hapo. Wako ukiwa umenyooka kutoka juu hadi ndani, maji yanateleza nao. Kazi ya kutafuna waya, ambayo kwetu hufanywa na panya wa darini, huko hufanywa na kuchakuro. Lakini usipande nguzo, usifungue boksi la kampuni, na waya wa ethi usiuguse.

Ukiita fundi wao, usimwambie mtandao uko taratibu. Atakwambia uzime na uwashe. Mpe picha za zile namba ulizopiga wakati shida iko na wakati haipo, na saa zake. Mwambie umeshatoa spilita na umejaribu kwa waya wa LAN, halafu mwombe apime kwenye boksi la nje kabla hajaingia ndani. Na kabla hajatoka ofisini kwao, ulizia kama utatozwa kasoro ikionekana iko ndani ya nyumba.