Mafuta ya kukaangia yasiishie mtaroni

Jamani, mafuta yaliyochoka ya kukaangia samaki au maandazi msiyamwage mtaroni. Kwa sisi wa Kigogo, Jangwani na Vingunguti hapa Dar es Salaam, mtaro unaishia Mto Msimbazi, na Msimbazi unaishia baharini pale daraja la Salender. Yakishapoa, yamimine kwenye kopo lenye majivu baridi ya jiko la mkaa, koroga mpaka yawe tope zito, funga kwenye mfuko wa unga uliokwisha, subiri gari la taka. Kikaango kifute kwa gazeti kabla ya kukiosha, hata sabuni itatumika kidogo. Na pampasi, tafadhali sana, mvua ikinyesha msizisukumie mtoni. Kule bondeni kuna mchicha unaomwagiliwa kwa maji hayohayo, na sokoni tunaununua sisi.