Jointi ya nje kwenye ukuta wa rafukasti: kuiziba kwa poliyurethani yenye mchanga

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia dada mmoja wa Tanga aliyeongeza vyumba nyuma ya nyumba ya zamani. Pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani palikuwa na ufa uliosimama wima kutoka chini hadi karibu na paa. Ulishazibwa kwa saruji, ukarudi. Ukazibwa tena kwa saruji iliyochanganywa na gundi, ukarudi, na kila masika maji yanapita hadi ndani. Alitaka ufa uzibike, na ukuta usionekane umeshonwa, kwa sababu nyumba nzima imepigwa rafukasti (lipu yenye uso wa chembechembe) na mstari laini wa silikoni ungeonekana tokea barabarani.

Ufa wa namna hiyo hauzibwi kwa kitu kigumu. Majengo mawili yenye misingi miwili hayatembei pamoja. Hata ukuta mmoja wa zege wenye urefu wa mita 6, joto lake likipanda kwa nyuzi 30, hurefuka karibu milimita 2, na jua la alasiri kwenye ukuta wa magharibi linaweza kuleta tofauti kama hiyo kati ya alfajiri na saa tisa. Saruji haina mnyumbuko. Itashika upande mmoja, itaachia mwingine, au itapasuka katikati. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuugeuza ufa uwe jointi halali: mfereji ulionyooka, uliojazwa kitu kinachovutika, kisha uso wake ufananishwe na ukuta.

Kitu hicho ni poliyurethani, kizibo cha tyubu kinachoganda kikawa kama mpira. Maduka mengi ya vifaa huita kila tyubu silikoni, kwa hiyo usisikilize jina, soma maandishi ya kopo. Silikoni haipokei rangi wala haishiki mchanga vizuri, na kwenye kuta zenye vinyweleo baadhi ya silikoni huacha doa la mafuta pembeni. Akriliki ya bei nafuu husinyaa, na ikikauka haina mvuto wa maana. Tafuta poliyurethani iliyoandikwa darasa la 25 au zaidi, maana yake jointi ya milimita 20 inaweza kufunguka au kujibana kwa milimita 5 bila kuachia. Tazama na tarehe ya kuisha. Tyubu iliyokaa juani dirishani mwa duka inaweza kuwa imeanza kuganda ndani hata kabla ya tarehe hiyo. Ipo pia poliyurethani inayotoka kiwandani ikiwa na chembe za mchanga ndani yake. Ukiipata, chukua. Usipoipata, chukua ya kawaida na mchanga utauweka mwenyewe, kama nitakavyoeleza.

Neno moja kabla hatujaanza: kama ukuta wako ni wa mawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe Zanzibar au Lamu, mwongozo huu si wako. Kuta hizo zinapumua na zinatengenezwa kwa chokaa.

Hatua ya 1: Kufungua mfereji

Kata kwa grainda yenye diski ya almasi, mistari miwili sambamba, nafasi ya milimita 20 kati yake. Ondoa lipu yote na saruji yote ya zamani iliyomo. Kokoto moja iliyobaki imekwama kati ya kuta mbili inatosha kuipasua kazi yako, kwa hiyo pitisha kisu cha chuma hadi ndani uhakikishe hakuna kinachogusa pande zote mbili. Vaa barakoa na miwani. Kingo zilizomeguka zitengeneze kwa saruji, na kama lipu au zege ni mpya subiri siku 28 ndipo uendelee. Najua mwenye nyumba atanung'unika. Subiri.

Hatua ya 2: Kusafisha

Brashi ya waya, kisha upepo wa pampu au kompresa. Kwenye nyumba zilizo karibu na bahari osha kwanza kwa maji yasiyo na chumvi ili kuondoa chumvi, halafu acha mfereji ukauke kabisa. Ili kujua kama umekauka, bandika kipande cha nailoni juu yake kwa tepu usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, bado.

Usisafishe kwa spiriti. Alkoholi huingilia kuganda kwa poliyurethani na kazi inabaki inanata. Kwa sababu hiyo hiyo usiipige jirani na silikoni mbichi, kwa kuwa baadhi ya silikoni hutoa alkoholi zinapoganda.

Hatua ya 3: Kamba ya povu

Mafundi wengi huiruka hatua hii kwa sababu haionekani kazi ikishaisha. Poliyurethani inatakiwa ishike pande mbili tu, kulia na kushoto. Ikishika na mgongo pia, haiwezi kuvutika kwa uhuru, na jointi ikifunguka itachanika. Kamba ya povu ya polithini inakaa nyuma, poliyurethani haiishiki, na kina cha mfereji kinakuwa kile unachokitaka.

Chagua kamba nene kuliko mfereji kwa robo: jointi ya milimita 20 inataka kamba ya milimita 25. Isukume kwa kitu butu, kipande cha mbao kilichokatwa kwa kipimo kinafaa sana. Usitumie bisibisi. Kamba ikitobolewa hutoa hewa, na hewa hiyo hutokea kama mapovu kwenye uso wa kazi yako kesho yake. Kina cha poliyurethani kiwe nusu ya upana, yaani milimita 10 kwa mfereji wa 20. Mimi huisukuma kamba ndani milimita 13, kwa kuwa nataka uso wa mwisho ubaki umezama kama milimita 3 kutoka usoni mwa ukuta. Sababu utaiona kwenye hatua ya mchanga.

Kama mfereji hauna kina cha kutosha kuweka kamba, bandika tepu ya plastiki mgongoni mwa mfereji. Kusudi ni lile lile.

Hatua ya 4: Praima

Zege na lipu vina vinyweleo, kwa hiyo paka praima (kimiminika cha msingi cha kusaidia poliyurethani ishike) inayotajwa na mtengenezaji wa poliyurethani hiyo hiyo, pande mbili tu, na iache ikauke kwa muda ulioandikwa.

Hatua ya 5: Saa ya kupiga

Piga wakati ukuta unapoa. Ukuta unaopashwa na jua husukuma hewa kutoka kwenye vinyweleo vyake na kuvimbisha poliyurethani ikiwa bado mbichi. Tena jointi yenyewe inajibana inapopata joto, na kazi mbichi inakunjamana. Ukuta wa mashariki upige alasiri, wa magharibi subiri hadi saa kumi na moja jioni jua lilegee. Msimu wa mvua usianze kama mawingu yameshakusanyika, ingawa unyevu wa hewa peke yake si adui: poliyurethani ya tyubu moja huganda kwa kunyonya unyevu wa hewani. Kwa hali ya wastani kuganda huingia ndani milimita 2 hadi 3 kwa siku.

Hatua ya 6: Kusukuma na kulainisha

Hesabu mahitaji kwanza. Mfereji wa 20 kwa 10 unakula soseji moja (kifuko laini cha poliyurethani chenye umbo la soseji) ya mililita 600 kwa kila mita 3, bila kuhesabu upotevu. Mimi napenda soseji na bunduki yake kuliko tyubu za mililita 300, kwa sababu hubadilishi kila baada ya mita moja na nusu, na kila unapobadilisha ni nafasi ya kuingiza hewa. Bandika tepu ya karatasi kingoni, ikandamize kwa mpini wa brashi iingie kwenye mabonde ya rafukasti. Sukuma kutoka ndani kuja nje, mfereji ujae isipokuwa zile milimita 3 za juu, kisha kandamiza kwa spachula kavu. Usitumie maji ya sabuni. Vaa glovu za nitrili. Kemikali ya isosayaneti iliyomo inaweza kuamsha pumu, na mtu mwenye pumu asifanye kazi hii.

Ng'oa tepu papo hapo, kabla ya mchanga. Ukichelewa utang'oa na ukingo.

Hatua ya 7: Mchanga

Hapa ndipo kazi inapopendeza au kuharibika, na ndipo watu wanapopoteza muda mwingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, usichanganye mchanga ndani ya poliyurethani mwenyewe kwenye ndoo. Utaingiza hewa, utaingiza unyevu, na utapunguza uwezo wake wa kuvutika. Kiwanda kinachotengeneza ile yenye chembe kinafanya hivyo katika hali isiyo na unyevu na kwa kipimo maalumu. Wewe mchanga wako unakaa juu tu, safu ya chembe moja. Chembe zilizokaa hivyo kila moja inashikwa peke yake, jointi ikifunguka zinaachana kidogo na ikijibana zinasogeleana, na ngozi iliyo chini inavutika kama kawaida.

Mchanga uwe wa mto. Wa bahari una chumvi, na chumvi itavuta unyevu na kutoa weupe ukutani. Uoshe mpaka maji yatoke meupe, uanike juu ya bati, kisha ukaange kwenye sufuria ya zamani hadi ukauke kabisa na uuache upoe. Hatua ya kukaanga watu huiona ya ziada. Mchanga unaoonekana mkavu bado una unyevu, na unyevu ukikutana na poliyurethani mbichi hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, ndiyo ile inayoacha vitobo vidogo vidogo chini ya chembe.

Kisha pata saizi. Kwangua chembe chache za rafukasti iliyopo uzilinganishe. Tumia chekecheke mbili: moja inayobakisha kokoto kubwa, nyingine inayopitisha vumbi. Unachokitaka ni kile kilichobaki katikati. Vumbi lazima liondoke, maana linafunika uso wa poliyurethani na chembe halisi zinakosa pa kushika. Halafu fanya majaribio kwenye kipande cha tofali lililopigwa lipu, kikaushe, kisimamishe karibu na ukuta, kitazame kutoka mbali, asubuhi na jioni. Jua la pembeni linafichua tofauti ambayo jua la saa sita linaificha.

Fanya kwa vipande vya mita moja: sukuma, kandamiza, ng'oa tepu, weka mchanga, ndipo usogee. Ngozi ya juu ikishaanza kushika, mchanga hauingii tena, na kwa joto la pwani ngozi hiyo inawahi. Gusa kwa kidole chenye glovu: poliyurethani ikikushika na kuacha uzi, bado una nafasi. Ikikuacha mkavu, umechelewa, na mchanga utakaoubandika utaporomoka kwa mvua ya kwanza.

Rusha kwa mkono kutoka umbali wa shibri moja, kidogo kidogo, kuanzia chini kwenda juu ili unaoanguka usichafue sehemu usiyoifikia. Ukuta umesimama, kwa hiyo mwingi utaanguka. Tandika karatasi chini, ila usiutumie tena ulioanguka kwa kuwa umeshachukua vumbi. Kisha kandamiza kwa sponji kavu, nusu ya kila chembe izame. Usisugue. Ukisugua unaviringisha chembe na poliyurethani inapanda juu yake, na badala ya rafukasti unapata uso unaong'aa.

Uso uliozama milimita 3 sasa unakulipa. Ukifika sawasawa na ukuta, kila kosa dogo linaonekana na poliyurethani inamwagikia kwenye chembe za rafukasti, ambapo haitoki hata kwa asetoni. Ukizama, ukingo una kivuli chake na jicho linakubali.

Kama unatumia ile ya kiwandani yenye chembe, kata mdomo wa tyubu upana zaidi ili chembe zisikwame, na pitisha spachula mara moja tu. Kila unapoirudia unaivuta poliyurethani juu na kuzifunika chembe. Baada ya hapo gongagonga kidogo kwa brashi ngumu kavu.

Hatua ya 8: Rangi na ukaguzi

Iache wiki moja hadi mbili kulingana na kina na hali ya hewa. Pangusa mchanga ulio huru kwa brashi laini. Rangi iwe ya maji, ya akriliki, laini na nyembamba. Rangi nzito za kuupa ukuta uso wa chembechembe zikipita juu ya jointi zitapasuka, kwa kuwa hazivutiki kama kilicho chini yake. Ukiweza kuchagua rangi ya poliyurethani inayokaribiana na ukuta, iache bila kupaka kabisa.

Baada ya wiki tatu kata kipande kidogo mahali pasipoonekana, kata mlalo kisha pande zote mbili kama sentimita 5, ukivute kwa nyuzi 90. Kikivutika na kukatika chenyewe huku mabaki yameng'ang'ania ukutani, kazi ni nzima. Kikibanduka na kuacha ukuta safi, praima au usafi ulikosekana, na sehemu hiyo itafunguliwa upya. Pengo la majaribio lizibe siku hiyo hiyo, kwani poliyurethani mpya hushika ya zamani ikiwa safi na kavu. Ndiyo maana humwachia mwenye nyumba kopo la mchanga uleule uliokaangwa, limefungwa vizuri.