Kabla Mashine Haijaingia Kwenye Ploti: Kuchimba na Kusawazisha Ardhi Malindi

Wengi wanaojiandaa kujenga Malindi humuuliza mwenye mashine jambo moja tu: saa moja ni pesa ngapi? Mimi ningeanza na maji. Mvua ya Mei ikimwagika kwenye ploti hii, itatokea upande gani? Hapo ndipo utajua pa kuchimbwa, pa kujazwa na kifusi kitakachohitajika. Bila kujua hayo, bei ya saa haikusaidii, maana hujui saa zenyewe zitakuwa ngapi.

Chunguza udongo kwanza, kwa sababu ardhi yetu haifanani. Kuanzia Watamu kuja Mayungu na Casuarina, mara nyingi juu ni mchanga na chini ni jiwe la matumbawe. Jiwe hilo laweza kuwa futi moja chini pembe hii na futi sita pembe ya pili ya ploti hiyohiyo, na ndani yake mna mianya na mapango. Ukivuka mto Sabaki kwenda Magarini na Marafa utakuta mchanga mwekundu, ambao ukifyekwa majani hukatwa na maji upesi. Atakaye ushahidi aende akatazame makorongo ya Nyari, huko Marafa. Huko mabondeni karibu na mto kuna udongo mzito unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka.

Basi chimbisha mashimo ya majaribio kwa jembe na mtaimbo, moja kila pembe na moja katikati, mpaka ufikie kina cha msingi au ugonge jiwe. Waulize majirani walikuta nini walipochimba kisima au choo. Ni kazi ya vijana wachache, gharama yake ni ndogo, na ndiyo itakayokuepusha na ugomvi mkubwa kuliko wote katika kazi hii: mashine inagonga jiwe, meno ya ndoo hayapiti, mkandarasi anasema inahitajika nyundo ya kuvunjia ambayo haikuwa kwenye bei. Jiwe likijulikana mapema, bei ya kulivunja huandikwa mapema.

Halafu kuna watu. Bikoni zote, yaani alama za mipaka ya ploti, zionekane, na mpimaji aliyesajiliwa azithibitishe kabla ya tingatinga kugusa kitu, kwani likishapita juu ya bikoni moja wewe na jirani mmeingia kwenye kesi. Tena hapa pwani mwenye ardhi na mwenye mnazi wanaweza kuwa watu wawili. Mwembe, mkorosho au minazi unayoikuta inaweza kuwa na mwenyewe anayestahili kulipwa, hata kama hati ya ardhi ina jina lako. Makaburi pia yapo ndani ya mashamba, na kwa Wagiriama kuna vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, ambavyo havihamishwi na opereta wa mashine. Kaa na wazee wa mtaa na chifu, uliza, na makubaliano yaandikwe. Nalisisitiza hili kwa kuwa nawaona wageni wakilipita haraka, kisha wanashangaa kazi kusimamishwa na watu wenye haki yao.

Mji wenyewe ni wa kale. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498 aliukuta na mfalme wake. Vigae vya vyungu au ukuta wa matumbawe vikifukuka, simamisha mashine pale pale na uwaarifu Makumbusho ya Kitaifa, kama sheria ya 2006 inavyotaka.

Vibali havina njia ya mkato: ruhusa ya kaunti, usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na kwa ploti zilizo karibu na ufuo, mikoko au mto, waone NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kabla hujakodi chochote.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina takriban mita za mraba 465. Ukitaka kuiinua yote kwa sentimita 30, unahitaji karibu mita 140 za ujazo za udongo ulioshindiliwa. Udongo ukiwa kwenye lori umelegea, kwa hiyo ongeza kama robo: mita 175 za ujazo, yaani safari 17 au 18 za lori la mita 10 za ujazo. Ukiwa na hesabu hiyo mkononi, anayekuambia safari 40 atalazimika kueleza. Weka alama ya kudumu, kwenye ukuta au nguzo isiyosogea, na usawa wote upimwe kutoka hapo. Kuzunguka nyumba, mita tatu za kwanza kutoka ukutani zishuke angalau sentimita 15, na maji yasielekezwe kwa jirani. Kifusi kimwagwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka ilowanishwe na kushindiliwa. Kikimwagwa chote siku moja, kitatitia baadaye na sakafu itapasuka.

Mkandarasi wa hapa hapa Malindi ana faida: anaijua ardhi, na mashine yake haitoki mbali. Nenda ukaione kazi yake ya mwaka jana, uone mvua imeifanya nini. Kwenye karatasi iandikwe kama dizeli na opereta vimo ndani ya bei, nani analipa lori la kuileta mashine na kuirudisha, mashine ikiharibika saa zinahesabiwaje, na mchanga au mawe yatakayotolewa ni mali ya nani. Soma mita ya saa za mashine asubuhi na jioni, mtie sahihi wote wawili. Uliza pia bima ya wafanyakazi. Kuta za shimo la mchanga huporomoka bila onyo, na mita moja ya ujazo ina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Asiingie mtu kwenye shimo linalomfika kifuani kabla kuta hazijategemezwa kwa mbao au kulazwa mteremko.

Panga kazi iwe kati ya Januari na Machi, wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa kavu. Lipa kwa hatua zilizopimwa, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba sehemu ya mwisho ya malipo itatolewa baada ya mvua kubwa ya kwanza, mkiwa wote wawili mmesimama kwenye ploti mkitazama maji yanakopita.