Mweusi: jibu e4 kwa a6
Kwenye sataranji (chess), mpinzani mwenye kete nyeupe akianza kwa askari kwenda mraba wa e4, wewe sogeza askari hadi a6, kisha mwingine hadi b5, na askofu akae b7. Mpinzani anatoka kwenye njia alizokariri bila wewe kumtolea askari wa bure, na askofu huyo anaishambulia e4 mapema. Mwingereza Tony Miles alimshinda hivi Anatoly Karpov, bingwa wa dunia wakati huo, mwaka 1980 mjini Skara, Uswidi. Ila umemwachia mweupe katikati ya ubao, kwa hiyo farasi kwenda f6, na askari kwenda e6 na hasa c5, wasichelewe; Karpov alipomshambulia askari wa b5 kwa askari wa a4, Miles alijibu c5 papo hapo. Ukizembea hapo, askari wake anafika e5, farasi wako anafukuzwa na unabanwa. Kwenye mechi ndefu, dhidi ya mtu mtulivu, mimi siichezi njia hii.