Jifundishe Kiingereza kwa imla: unahitaji simu, kalamu na daftari

Wengi wanaokuja kwangu kutaka kuongea Kiingereza wanakisoma bila shida. Barua ya kazi wanaielewa, ila mgeni akianza kuzungumza hawaambulii kitu. Kasoro iko masikioni, na dawa ninayoiamini ni imla unayojipa mwenyewe.

Hatua ya 1: Pakua kipindi kimoja cha 6 Minute English cha BBC Learning English. Ni bure, na kina maandishi yake. Maandishi usiyaguse kwanza.

Hatua ya 2: Sikiliza chote mara moja, kalamu ikiwa chini.

Hatua ya 3: Chagua sekunde 30. Cheza sentensi moja, simamisha, andika ulichosikia. Neno likikukwepa, rudia. Likiendelea kukukwepa, liachie nafasi. Kamusi ikae mbali.

Hatua ya 4: Sasa fungua maandishi ujisahihishe kwa wino mwekundu. Hapa usiharakishe, ndipo somo lilipo. Utagundua makosa yanajirudia. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Kiingereza huuhamisha: “photograph” lina mkazo mwanzoni, kwenye “photography” mkazo umesogea hadi silabi ya pili, na silabi zisizo na mkazo humezwa. Ndiyo maana “of” na “to” zitakosekana kwenye daftari lako. Kisha angalia vitenzi vya wakati uliopita. “Worked” huishia kwa sauti ya t, “played” kwa d, na “wanted” ndiyo huongeza silabi. Aliyezoea kutamka “wokedi” anasubiri silabi isiyokuwepo, neno linampita.

Andika pembeni aina ya kosa: mkazo, mwisho wa kitenzi, au msamiati mgeni. Msamiati ni wa kamusi. Hayo mengine ni ya kusikiliza tena, macho yakiwa kwenye maandishi.

Hatua ya 5: Soma kwa sauti pamoja na mtangazaji, ukimfuata nyuma kidogo. Jirekodi, kisha linganisha. Sauti yako itakuudhi siku za mwanzo. Vumilia, humpata kila mtu.

Hatua ya 6: Kesho anza na sekunde zilezile kabla ya kuchukua nyingine. Nafasi tupu zikipungua, hamia taarifa ya habari ya BBC World Service, ambako wasomaji wa habari hawatakusubiri.