Kwotabeki wa akiba anauzwaje? Hivi ndivyo ninavyompigia hesabu

Katika NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, kwotabeki ndiye mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, na chaguo ni zamu ya timu kuchukua kijana wa chuo kwenye drafti ya kila mwaka. Mwaka 2016 Minnesota Vikings walitoa chaguo la raundi ya kwanza, na la raundi ya nne lenye masharti juu yake, ili kumchukua kwotabeki Sam Bradford kutoka Philadelphia Eagles. Mwaka 2023 timu hiyohiyo ilimpata Joshua Dobbs kutoka Arizona kwa chaguo la raundi ya sita tu, na Arizona wakaongezea la saba lenye masharti. Mara zote mbili kwotabeki wa kwanza alikuwa ameumia na hakuna wa kushika usukani. Ukiweza kueleza bei hizo mbili zilitofautianaje, umeshamaliza nusu ya kazi ninayotaka kukuonyesha.

Naishi Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, na Vikings ndiyo timu yangu tangu nilipohamia huku kutoka Mombasa. Shemeji yangu yuko Milwaukee, naye ni shabiki damu wa Packers, wapinzani wetu. Machi soko likifunguliwa, na tena mwisho wa Agosti, hatuna mazungumzo mengine kwenye simu: kwotabeki fulani aliyekaa benchi ana thamani gani? Yeye hutaja bei kwa moyo. Mimi nina daftari, na kila jina lina ukurasa wake.

Anza na mnunuzi

Wengi huanza na mkono wa mchezaji: anarusha mbali kiasi gani, ana kimo gani. Hayo yana nafasi yake, ila si mwanzo. Andika juu ya ukurasa jina la timu inayomtaka, kisha ujiulize. Zimebaki siku ngapi kabla ya mechi yao? Wasipompata huyu, nani atacheza? Na wao wenyewe wanajiona wafike wapi mwaka huu?

Teddy Bridgewater, kwotabeki wa kwanza wa Vikings, aliumia goti mazoezini tarehe 30 Agosti 2016, hata hajaguswa na mtu. Msimu ulikuwa unaanza ndani ya wiki mbili. Aliyebaki ni Shaun Hill, mwenye umri wa miaka 36. Vikings walikuwa wametoka kuongoza kundi lao kwa ushindi 11, safu ya ulinzi imekomaa, uwanja mpya unafunguliwa mwaka huohuo. Eagles waliyajua yote hayo. Wao walikuwa wamemchagua Carson Wentz wa pili kwenye drafti ya Aprili, kwa hiyo siku za Bradford pale zilikuwa zinahesabika, lakini haraka hawakuwa nayo. Mwenye haraka alikuwa mmoja tu. Siku nne baadaye Bradford akahama, na chaguo lile likaja kuwa la 14 katika drafti ya 2017. Eagles walilitumia kumchukua Derek Barnett, na Februari 2018, katika Super Bowl, fainali ya ligi, iliyochezwa hapahapa Minneapolis, ni Barnett aliyeudaka mpira uliomtoka Tom Brady, kwotabeki wa New England Patriots, mkononi dakika za mwisho. Huku kwetu jambo hilo bado linauma.

Sasa geukia 2023. Kirk Cousins alichanika kano ya kisigino Oktoba 29 kule Green Bay. Dirisha la kubadilishana wachezaji lilifungwa siku mbili baadaye, kwa hiyo haraka ilikuwepo vilevile. Lakini timu ilikuwa na ushindi 4 na vipigo 4, si timu inayojihesabu bingwa. Upande wa pili, Arizona walikuwa wameshinda mechi 1 kati ya 8, kwotabeki wao wa kwanza Kyler Murray anakaribia kurudi kutoka kwenye majeraha, na mkataba wa Dobbs unaisha mwisho wa msimu. Muuzaji hakuwa na cha kung'ang'ania. Raundi ya sita ikatosha.

Kalenda nayo ina lake. Machi bei huzuiwa na wachezaji huru, maana timu inaweza kumsaini mtu bila kutoa chaguo lolote. Baada ya drafti ya Aprili bei hushuka, kwa sababu viti vingi vimeshakaliwa. Mwisho wa Agosti hupanda tena mechi za maandalizi zikishaumiza watu. Halafu kuna siku ya mwisho ya soko, ambayo tangu 2024 ni Jumanne baada ya wiki ya tisa. Zamani ilikuwa baada ya wiki ya nane.

Soma mkataba kabla ya kuangalia mechi

Hapa ndipo shemeji yangu huchoka kunisikiliza, na hapa ndipo bei huamuliwa. Mchezaji akihama, timu mpya hubeba mshahara uliobaki. Bonasi ya kusaini aliyokwisha kulipwa hubaki kwenye vitabu vya timu ya zamani, na sehemu iliyokuwa bado haijahesabiwa kwenye kikomo cha mishahara cha ligi huwaangukia wao. Kwa hiyo andika mambo matatu: mshahara wa mwaka huu, miaka iliyobaki, na kiasi kilichodhaminiwa. Kijana aliye kwenye mkataba wake wa kwanza, mwenye miaka miwili mbele, analeta chaguo zuri zaidi kuliko mkongwe anayecheza vizuri kumzidi lakini anataka milioni nyingi.

Mfano ninaoupenda ni Matt Cassel. Huyu hakuwa ameanza mechi kama kwotabeki tangu sekondari. Chuoni USC alikaa nyuma ya Carson Palmer na Matt Leinart. Mwaka 2008 Brady aliumia goti mechi ya kwanza, Cassel akaingia, na New England Patriots wakamaliza na ushindi 11 na vipigo 5. Mkataba wake ukaisha. Ili asiondoke bure, Patriots wakamfunga kwa ule utaratibu wa kumzuia mchezaji mwaka mmoja, kwa dola milioni 14.65. Ligi nzima ikaelewa kwamba hawawezi kumlipa hivyo mtu wa benchi huku Brady anarudi. Wakamuuza Kansas City kwa chaguo la 34, na Mike Vrabel akaenda pamoja naye kwa bei hiyohiyo. Wachezaji wawili, chaguo moja la raundi ya pili. Mkataba ndio uliokula thamani, si mchezo wake.

Kanuni yangu ni hii: mkataba ukiwa umebakiza mwaka mmoja tu, napunguza raundi nzima kwenye bei niliyokuwa nimeifikiria.

Usimsahau muuzaji. Yeye hujiuliza atapata nini akikaa kimya. Mchezaji akiondoka akiwa huru, ligi inaweza kumfidia aliyempoteza kwa chaguo la ziada, lakini hilo huja mwaka unaofuata, na lililo bora kabisa huwa mwisho wa raundi ya tatu. Oktoba 2017 Patriots walimpeleka Jimmy Garoppolo San Francisco 49ers kwa chaguo la raundi ya pili, lililokuja kuwa la 43. Watu walipiga kelele kwamba ni bei ya kutupa. Angalia walichokuwa nacho mkononi: mkataba unaisha Machi, Brady mwenye miaka 40 bado anacheza, na fidia isingefika kabla ya drafti ya 2019. Mimi naona walipata bei ya haki kwa wakati ule, ingawa 49ers, waliokuwa wamepoteza mechi zote 8, walishinda zote 5 alizoanza. Tena Patriots walikuwa wameshamtoa Jacoby Brissett kwa Indianapolis Colts mwanzoni mwa Septemba, hivyo ikabidi wamrudishe Brian Hoyer, ambaye 49ers walikuwa wamemwacha.

Uwanjani: tafuta jaribio la tatu

Sasa fungua mechi. Kabla ya kusifu, toa kwanza kile alichopewa na mazingira. Cassel alikuwa akimrushia Randy Moss na Wes Welker, katika timu ambayo mwaka uliotangulia, chini ya Brady, ilishinda mechi zote 16 za msimu wa kawaida. Idadi ya mechi alizoanza haikusaidii sana. Matt Schaub alikuwa ameanza mechi 2 tu Atlanta pale Houston Texans walipotoa machaguo mawili ya raundi ya pili mwaka 2007 na kubadilishana nafasi ya 8 kwa ya 10. Mwaka 2009 akaongoza ligi kwa yadi 4,770. Kevin Kolb alikuwa ameanza 7 Philadelphia pale Arizona walipotoa Dominique Rodgers-Cromartie na chaguo la raundi ya pili mwaka 2011. Misimu miwili yenye majeraha ikapita, akaachwa.

Mimi hutazama jaribio la tatu (timu ina manne ya kusogeza mpira yadi 10) lililobakiza yadi saba au zaidi, kwa sababu hapo kila mtu uwanjani anajua pasi inakuja. Nasimamisha picha mpira unapomfikia. Macho yanaenda kwa nani? Naachia nusu sekunde. Kama mpokeaji wa kwanza yuko wazi, siandiki kitu. Pasi hiyo hata kijana wa chuo anaitoa. Naandika zile ambazo wa kwanza amefungwa. Je, miguu inageuka pamoja na macho kuelekea kwa wa pili, au anaganda, kisha anakimbia? Akipigwa, jaribio linalofuata anasimama palepale au anaanza kutoka mapema? Ishirini za namna hiyo zinanitosha kuliko takwimu za msimu mzima. Mechi za maandalizi ya Agosti sizihesabu, maana anacheza dhidi ya watu wengi watakaoachwa wiki ijayo.

Kwa anayenunuliwa katikati ya msimu kuna kipaji kingine cha kupima: anajifunza haraka kiasi gani? Dobbs alifika Minnesota Oktoba 31. Novemba 5, Atlanta, Jaren Hall, kwotabeki aliyeanza, aliumia kichwa na Dobbs akaingia bila kuwahi kufanya mazoezi na kikosi cha kwanza. Kocha Kevin O'Connell alikuwa akimwelekeza kupitia redio ya ndani ya kofia, ambayo hukatwa saa ya kuhesabu muda wa kuanza jaribio ikibakiza sekunde 15. Baada ya hapo yuko peke yake, kati ya wenzake asiowajua vizuri hata kwa majina. Sekunde 22 kabla ya mwisho akamrushia Brandon Powell pasi ya yadi 6, wakashinda 31–28. Nilipiga ukelele uliowaamsha majirani. Kabla msimu haujaisha alikuwa amerudi benchi, na hilo halibadilishi tathmini yangu: raundi ya sita hununua wiki chache za uhai, nao walizipata.

Geuza kuwa pointi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dallas Cowboys wa Jimmy Johnson walitengeneza jedwali la thamani ya machaguo. La kwanza kabisa ni pointi 3,000, la 16 ni 1,000, la 32 ni 590, la 64 ni 270. Yapo majedwali mapya yenye hesabu nzuri zaidi, lakini hili ndilo wengi wanalijua, na linatosha kulinganisha. Chaguo la mwaka ujao lishushe raundi moja. Ukifanya hivyo utaona Cassel, pamoja na Vrabel, 560. Garoppolo, 470 kabla ya kushusha. La Bradford, lilipofika, lilikuwa 1,100.

Masharti nayo yahesabu. Machi 2024 Chicago Bears walimtoa Justin Fields kwa Pittsburgh Steelers kwa raundi ya sita, ambayo ingepanda hadi ya nne kama angekuwa uwanjani katika zaidi ya nusu ya majaribio ya timu. Aliyekuwa mbele yake ni Russell Wilson. Kwa hiyo mimi niliandika ya sita, na ya sita ikabaki.

Zoezi zuri kuliko yote ni Sam Howell. Mwaka 2023 alianza mechi zote 17 za Washington Commanders, akaongoza ligi kwa pasi zilizonaswa, 21, na kuangushwa mara 65. Hata hivyo Machi 2024 Seattle Seahawks walitoa machaguo ya 78 na 152, wakampata yeye pamoja na ya 102 na 179. Toa moja kwa jingine, unabaki na karibu pointi 120: mwisho wa raundi ya tatu. Alikuwa na miaka miwili ya mkataba, mshahara wa 2024 chini kidogo ya dola milioni 1. Mwaka mmoja akakaa nyuma ya Geno Smith, na mwaka mmoja wa mkataba ukaungua. Aprili 2025 Vikings walimchukua pamoja na chaguo la 172 kwa la 142. Tofauti ni pointi kumi na kitu.

Agosti ya mwaka huohuo Tanner McKee, kwotabeki wa akiba wa Eagles, akaumia kidole gumba. Eagles wakatoa raundi ya tano ya 2026 na ya saba ya 2027 kwa Howell na raundi ya sita ya 2026. Howell hakuwa amecheza hata mechi moja ya msimu akiwa Vikings, na bei haikushuka, kwa sababu ya kidole cha mtu mwingine. Vikings nao wakamsaini Carson Wentz kushika nafasi hiyo, bila kutoa chaguo hata moja, kwa kuwa hakuwa na timu. Kwa hiyo kabla hujamtajia mtu bei yoyote, pitia kwanza orodha ya makwotabeki walio huru siku hiyo.